Maji Yaliyolala Shimoni

Vuta kiti, ndugu msomaji, unisikilize, maana leo nina msiba na sijui niuanzie wapi. Jumapili asubuhi, kabla hata sijanywa chai, dada yangu alinipigia simu akasema maneno mawili tu, "Bwana Udongo," kisha akanyamaza. Nikajua. Mtu akikutajia mgonjwa kwa sauti ile na asimalizie sentensi, huna haja ya kuuliza. Tulimzika kesho yake alasiri, hapa hapa Morogoro mjini. Hatukuwa wengi: majirani zake, mafundi ujenzi waliokuwa wakimpa vibarua, dada yangu na mimi. Kaburi lilikuwa bado halijakamilika tulipofika. Mchimbaji mmoja, akiwa ndani hadi kiunoni, alijifuta jasho akasema, "Huku chini ni kokoto tupu." Dada yangu akanigusa kiwiko. Najua tuliwaza jambo moja: marehemu angekuwa hai, angeomba ashuke mle shimoni akaangalie mwenyewe.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakupenda kutajwatajwa, na dada yangu mwenyewe hakumwita kwa jina hilo tangu siku waliyogombana. Alikuwa mtu wa Singida aliyeletwa Morogoro na kazi ya serikali. Kazi yenyewe ukiieleza kwa haraka watu hucheka: alichimba mashimo akayatazama. Alichimba shimo la kina cha kiuno, akashuka ndani, akakwangua ukuta wake kwa kisu cha jikoni, kisha akaandika alichokiona. Juu rangi hii, shubiri mbili chini rangi ile, mizizi inaishia hapa, maji yanakwama pale. Alifanya hivyo kwenye mashamba ya mkonge, ya miwa na ya mpunga kwa miaka mingi, mpaka serikali ilipoanza kupunguza watumishi, naye akapewa barua kama wenzake. Alirudi nyumbani na sururu, chuma kirefu cha kutobolea ardhi, na baiskeli. Niliwahi kumuuliza kama barua ile ilimuumiza. Alifikiri kidogo akajibu, "Barua ilipunguza mtumishi. Udongo haukupunguzwa."

Wasomaji wangu vijana hawaijui vizuri miaka ile ya mwanzo ya soko huria, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa hapa mjini. Maduka yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, sabuni za kila rangi na redio za kila ukubwa, na wakati huohuo ving'ora vya viwanda vilivyokuwa vikituamsha alfajiri vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Dada yangu alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye mashine ya kusokota nyuzi. Siku moja waliitwa uwanjani, wakasomewa majina, la kwake likiwamo. Akarudi kijijini kwa mama yetu akiwa na mikono inayojua uzi na isiyojua jembe. Serikali ilisema kila mtu sasa ajitegemee, na wafanyabiashara wa kila namna wakajitokeza kutuonyesha namna ya kujitegemea. Miongoni mwao ilikuwamo kampuni changa ya mvinyo. Ilitaka wakulima wapande mizabibu nyuma ya milima ya Uluguru. Kampuni ingeleta pingili na waya na ingenunua zabibu. Mkulima angetoa ardhi na nguvu zake. Sharti lilikuwa moja: kila shamba lipitishwe na mtaalamu wa udongo, atie saini kwenye fomu. Kampuni ikawaokota wataalamu waliopunguzwa serikalini, ikawalipa kwa siku. Bwana Udongo alikuwa mmoja wao.

Na hapa lazima nikiri kosa langu. Niliandika katika safu hii hii kusifu mpango ule. Niliandika kwa furaha kubwa na ujuzi mdogo. Nilisema mwenye kipande cha udongo mweusi wenye rutuba asichelewe, kwani mmea wowote hupenda rutuba kama mtoto apendavyo uji. Sentensi ile niliiona tamu. Dada yangu aliikata kwenye gazeti akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani, kisha akaenda kwa serikali ya kijiji kuomba shamba bondeni, kwenye udongo mweusi. Akapewa. Watu walimwonea wivu.

Ili uelewe ugomvi uliofuata, ngoja nieleze jinsi milima yetu ilivyokaa. Upepo wa mvua hutoka baharini ukagonga Uluguru upande wa mashariki. Huko Matombo na kwingineko upepo hupanda, hupoa, hutua mzigo wake wote wa maji; ndiyo maana migomba ya huko haijui kiangazi. Ukishavuka mgongo wa mlima, upepo hauna kitu mfukoni. Upande wa nyuma, kwa ukoo wa mama yetu, mvua hufika kwa kukopwa. Kuna jua, kuna upepo mkavu kila alasiri, na usiku kuna baridi ishukayo kutoka juu. Mvua kidogo inayonyesha huosha udongo mzuri kutoka miteremkoni ikaujaza bondeni, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo bonde ni jeusi na laini, na mteremko umebaki mwekundu, wenye changarawe na mawe ya ukubwa wa ngumi. Ungemuuliza mtu yeyote kijijini wapi pa kupanda, angekuonyesha bondeni. Mteremkoni tulipeleka mbuzi, na juu kidogo tulizika watu wetu.

Pingili zilifika Jumatatu, zimefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji, zikalazwa chini ya upenu wa jiko la dada. Pingili ya mzabibu ni kijiti tu kisicho na jani, unene wa kidole. Ukiiacha siku nyingi nje ya udongo inakauka, na huwezi kujua imekufa mpaka uipande ikugomee. Karani wa kampuni alisema angepita Ijumaa asubuhi kuchukua fomu. Shamba lisilo na saini, pingili zake zingepakiwa kwenye gari zipelekwe kwa mwingine, na nafasi ya pili haikuwapo. Dada alikuwa amepita umri wa kuajiriwa tena. Magunia yale matatu yenye maji ndiyo yaliyokuwa maisha yake yaliyobaki, na alikuwa na siku nne.

Jumanne nilimpeleka Bwana Udongo kijijini mwenyewe. Nilikuwa nikimfahamu kidogo mjini, na nilijiona nimefanya jambo la maana kumletea dada mtaalamu ninayemjua. Akachimba bondeni mpaka kiunoni. Akashuka. Akachukua donge la udongo mweusi, akalitemea mate kidogo, akalisokota viganjani mpaka likawa uzi mrefu, kisha akaukunja uzi ule ukawa pete, na pete haikukatika. Akampa dada.

"Umeshanivisha pete," dada akasema akicheka. "Sasa tia saini, mambo yaishe."

"Pete hii ndiyo inayonitia wasiwasi, dada. Naomba maji."

Tulibeba ndoo kutoka kisimani mpaka jua likakaribia kuzama, tukalijaza shimo. Jumatano asubuhi tulirudi wote watatu. Maji yalikuwapo, palepale tulipoyaacha, kana kwamba tumeyamimina dakika ile. Chura alikuwa ameshahamia.

"Maji yamelala," akasema.

"Si ndiyo vizuri?" dada akauliza. "Sisi tunalia maji kila mwaka, wewe yakikaa unanuna."

"Mpunga ungeshukuru. Mzabibu mizizi yake inapumua, dada, kama wewe unavyopumua. Masika yote utakuwa umezama hapa. Kiangazi kikija, udongo huuhuu utapasuka nyufa za kuingiza mkono mzima, nao ukipasuka unakata mizizi. Na mzabibu utakaopona utanenepa. Majani mengi, zabibu kubwa zilizojaa maji. Mvinyo wake utakuwa kama maji yaliyosuuzia zabibu."

Dada aliacha kucheka. Aliitupa chini ile pete ya udongo aliyokuwa bado nayo, akaikanyaga, akamsogelea karibu sana. "Wewe umeachishwa kazi na mimi nimeachishwa kazi. Ukinitazama unaona udongo tu?"

"Nakuona. Ndiyo maana sisaini."

Nilimvuta pembeni. Naona aibu kuyaandika niliyomwambia, lakini nayaandika. Nilimwambia wenzake wanasaini bila hata kushuka garini, na ilikuwa kweli. Bonde hilohilo, mtaalamu mmoja alikuwa amepitisha mashamba manne kupitia dirishani. Nilimwambia karani akiona anakataakataa mashamba hatamwita tena. Nilimwambia, kwa maneno haya haya, "Bwana, ni saini tu." Alikuwa akifuta sururu yake kwa majani. Akasema bila kuinua macho, "Mzabibu unakaa ardhini miaka thelathini. Wao wanasaini karatasi. Mimi ukinisainisha hapo, nimesaini miaka thelathini ya dada yako."

Dada alikuwa amesikia. "Haya, Bwana Udongo," akasema, na jina likamganda tangu saa ile, "udongo wangu mbaya. Wa kwako uko wapi?"

Akainua kichwa, akautazama mteremko mwekundu juu yetu, mbuzi wakiwa wametawanyika kwenye mawe. "Pale ni pa nani?"

"Ni petu," nikajibu.

"Naweza kuchimba?"

"Chimba tu," nikasema.

Msomaji uliyezaliwa Uluguru, najua umeshashika kichwa. Kwa wengine nieleze. Kwetu ardhi hufuata mama. Mteremko ule ulikuwa wa ukoo wa mama yetu, na msimamizi wake ni mjomba. Mwana ukoo anaweza kulima mahindi au maharage atakavyo, kwa sababu mazao hayo huvunwa yakaondoka. Lakini kitu kitakachokaa miaka ardhini hakipandwi mpaka mjomba aulizwe, kwani mti uliopandwa husema pale mahali ni pangu, na husema hivyo hata wewe ukiwa umekufa. Miaka ile hofu ilikuwa imezidi, maana watu wa mjini walikuwa wakipanda mitiki na kusimika vinguzo vya saruji, na ardhi ya watu mia ikageuka ya mtu mmoja kabla ya wenyewe kujua. Nilikuwa nayajua hayo tangu utotoni. Mji ulikuwa umenisahaulisha. Na mgeni wetu, ambaye kwao ardhi hufuata baba, alimwona ndugu wa kiume wa mwenye shamba mbele yake akisema chimba, akaona ruhusa imetosha.

Alikuwa amefika kiunoni mjomba alipotokea, panga mkononi, wazee wawili nyuma yake. Tulisimama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akilitazama lile shimo refu, limechimbwa wima kwa ustadi, hatua chache chini ya makaburi ya ukoo.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilisikia kengele ya mbuzi mahali fulani juu.

"Nauliza. Nimesikia linachimbwa kaburi kwetu na mimi sijaambiwa msiba. Nani amekufa?"

"Shikamoo, mzee," Bwana Udongo akasema kutoka shimoni. "Hajafa mtu. Nautazama udongo."

"Udongo wa watu unautazama kwa kuuchimbia kaburi? Nani kakupa ruhusa?"

Hapa, ndugu msomaji, angeweza kuninyooshea kidole, na angekuwa na haki. Yeye akasema, "Kosa ni langu, mzee. Kwetu huulizwa mwenye jembe. Sikujua hapa huulizwa mjomba. Nikifukia sasa hivi nitafukia vizuri, lakini naomba kwanza ushuke uone nilichokiona, halafu uniamuru."

Mzee mmoja nyuma akacheka, "Anataka kukuzika kweli huyu."

Mjomba hakucheka. Alimtazama mgeni, panga likiwa bado mkononi, kisha akalichomeka ardhini, akaketi ukingoni na kushusha mguu mmoja baada ya mwingine. Wanaume wawili, mmoja na kanzu, mmoja na kaptura iliyochanika, wakawa wamesimama kaburini kifua kwa kifua. Bwana Udongo alimwonyesha mzizi wa mti wa porini unaotokeza ukutani, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. "Ufuate," akasema. Mjomba akaufuata kwa kidole. Ulipita kati ya mawe, ukazunguka moja, ukaingia ufa, ukashuka mpaka chini kabisa. Bwana Udongo alikwangua pale chini kwa kisu, akamwekea kiganjani udongo kidogo.

"Una unyevu," mjomba akasema polepole. "Huku juu mbuzi wanakufa kiu."

"Juu hakuna kitu, ndiyo maana mzizi umeshuka. Ungepata maji juu, ungekaa juu, na jua la siku kumi lingeuua. Mzabibu tukiupanda hapa utafanya hivyohivyo. Utazaa kidogo. Zabibu zitakuwa ndogo zenye ngozi nene, na ladha yote iko kwenye ngozi. Mteremko unaondoa maji, upepo wa alasiri unakausha majani yasishike ukungu, baridi ya usiku inailinda ile ladha ya ukali isiishe kwa jua. Kila kilichowafanya muone hapa ni pa mbuzi, ndicho ninachokitafuta."

"Na matunda yenyewe ni ya kula au ya kulewa?" Mjomba alikuwa mtu wa swala tano.

"Mimi napima udongo, mzee. Chupa sijapewa kuipima."

Sasa mjomba alicheka, kidogo sana, puani. Lakini alipotoka shimoni uso ulirudi palepale. Alimgeukia dada yangu. "Mti huu unakaa miaka mingapi?"

"Thelathini, mjomba," dada akasema. "Labda zaidi."

"Basi hutaki kulima. Unataka kuuoa mlima." Akachomoa panga lake. "Habari za ndoo zenu za bondeni nimezisikia. Lijazeni na hili maji yenu. Kesho ukoo utakaa."

Magunia yale yalikuwa yameshafikisha siku tatu. Dada aliyamwagia maji jioni ile akiwa hasemi na mtu, si na mimi, si na mgeni. Alhamisi asubuhi nilipopanda mteremkoni nilimkuta mjomba amenitangulia, amechuchumaa ukingoni. Shimo tulilolijaza maji jioni lilikuwa tupu. Ukuta wake ulikuwa umelowa tu, kama chungu kilichooshwa. "Yamekwenda wapi?" akaniuliza.

Ukoo ulikaa adhuhuri, nao ulikaa kwa ukali. Wapo waliosema mwanamke aliyezoea mjini akipewa mteremko leo, kesho atauza kwa kampuni. Wapo waliokumbusha vinguzo vya saruji vya kijiji cha jirani. Dada alisimama mara moja tu. Alisema hana kiwanda, hana mume, na kwamba kama ardhi ya mama yake haimtambui, basi wamwambie ni ardhi ipi inayomtambua. Akaketi. Bwana Udongo aliulizwa kama nguzo za kushikia waya ni lazima ziwe za zege, kama mchoro wa kampuni ulivyosema. Akajibu kuwa mzabibu haujali umeegemea nini. Mjomba alichora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, kisha akatoa uamuzi ambao hadi leo sijaona mwanasheria aliyeweza kuandika ulio bora kuliko huo.

"Panda," akamwambia dada. "Mizabibu ni yako. Mlima ni wetu. Nguzo utaweka za mti, za zege hapana. Mti unaoza. Ukioza utakuja kwangu, au kwa atakayekuwa mahali pangu, uombe kukata nyingine. Siku utakayoacha kuja kuomba, tutajua umeuoa mlima bila mahari."

Tulipanda tangu saa nane mchana. Mjomba mwenyewe alishika sururu. Ijumaa asubuhi karani wa kampuni alifika, akakuta bondeni hakuna kitu na fomu imetiwa saini kwa ajili ya mteremko. Alikasirika. Alisema gari halifiki kule juu, mchoro unataka zege, na kwamba Bwana Udongo alitumwa kupitisha mashamba kumi kwa siku, siyo kulala vijijini kuchimbia watu makaburi. Alisema pingili zirudishwe garini.

"Ziko ardhini," dada akamwambia, mikono imejaa matope mekundu hadi viwiko. "Ukizitaka, chimbua. Mwenye mlima yule pale, kamuombe ruhusa."

Karani alimtazama mjomba, akalitazama lile panga, akaingia garini. Lakini kabla ya kufunga mlango alimwambia Bwana Udongo asijisumbue kufika ofisini Jumatatu. Bwana Udongo aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushindilia udongo kwenye shina alilokuwa nalo.

Nisikudanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Karibu nusu ya pingili hazikuchipua. Zile siku za kugombana ziliziua kwenye magunia, na dada hakunificha kwamba sehemu ya lawama ile ni yangu. Lakini nusu nyingine ilishika. Bondeni mashamba yale manne yaliyopitishwa dirishani yalistawi kwa fujo, majani yakatambaa kama maboga, na watu wakamcheka dada miaka miwili mizima. Kisha yakaja masika ya mvua nyingi. Bonde likasimama maji wiki baada ya wiki, majani yakageuka manjano, na wenye mashamba wakang'oa mizabibu kwa mikono, bila jembe, kwa kuwa mizizi ilikuwa imeoza. Mmoja wao alikuwa amesoma safu yangu. Aliniambia hivyo sokoni, kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko tusi. Kampuni nayo iliuzwa, ikauzwa tena, lakini walioinunua walikuja kuutafuta ule mteremko, na mpaka leo zabibu zake huwekwa pipa la peke yake. Mjomba hakuwahi kuonja mvinyo. Alikula zabibu, akishangaa. "Ndogo hizi, mmezinyima nini?" aliuliza mwaka wa kwanza wa mavuno. Akakamilisha mwenyewe, "Mlima ndio uliozinyima."

Bwana Udongo hakupata tena kazi ya kampuni. Mji ulikuwa unajengwa kwa kasi, akawa anawachimbia watu mashimo ya vyoo. Kwa kipimo kilekile cha ndoo na asubuhi alijua ni wapi maji yatazama na wapi yatamrudia mwenye nyumba. Nilimtembelea mara nyingi. Siku moja nilimwambia nimepata wazo la makala: kwamba binadamu ni kama mzabibu, shida ndiyo inayomkomaza, na huenda hata kupunguzwa kazi kumetukomaza. Nilitegemea atafurahi. Aliweka kikombe chini.

"Usiandike hivyo," akasema. "Mjomba wako alishuka shimoni, wewe ulibaki juu, ndiyo maana hukuona. Chini ya yale mawe kulikuwa na unyevu. Mawe matupu yanaua mzabibu kama yanavyoua kitu kingine chochote. Ukimwambia mtu shida itamkomaza, mwonyeshe kwanza unyevu uko wapi. Wengi waliopunguzwa pamoja nami hawakukomaa. Walikauka."

Sikuiandika makala ile. Nimeyaweka maneno haya miaka yote, na kila ninaposikia mtu akisifu mageuzi au akiyalaani kwa jumla, huwa najiuliza kama ameshuka shimoni au anaongea akiwa dirishani. Tulipokea mengi kwa macho ya juu juu wakati ule. Tuliona weusi wa udongo tukaita rutuba, tukaona saini tukaita utaalamu. Yeye alikuwa na njaa kama sisi, na bado alisubiri asubuhi ifike ndipo aseme.

Mjomba naye alishafariki, na kwa utaratibu wetu usimamizi wa mteremko ukanijia mimi, mtoto wa dada yake. Siku tatu baada ya kumzika Bwana Udongo, dada alikuja kwangu, akaketi, akaniamkia kwa heshima asiyozoea kunipa mdogo wake, na akasema, "Mjomba, nguzo za safu ya juu zimeoza. Nimekuja kuomba." Nilicheka, yeye hakucheka. Basi nikajikaza nikamuuliza ni ngapi, akanitajia, nikampa ruhusa. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ile sehemu ya juu zaidi unayotaka tuongeze, usiniambie nzuri mpaka uichimbe."

Kwa hiyo kesho napanda kule na sururu ya marehemu, aliyomwachia dada. Nawe, ndugu msomaji, ukitaka kupanda mti, kujenga nyumba au kuchimba choo, fanya hivi. Muulize kwanza mwenye ardhi. Akikubali, chimba shimo la kina cha kiuno, jioni lijaze maji hadi juu, na usitie saini popote mpaka asubuhi urudi ukaangalie kama maji yamelala.